Tairi la mbele kwanza: kuchagua matairi mapya ya pikipiki ndogo

Katika vijiwe vya pikipiki hapa Morogoro, kuanzia Msamvu hadi Kihonda, mazungumzo ya matairi huanzia nyuma na kuishia nyuma. Dereva akisema tairi limekwisha, kila mtu anaelewa kwamba ni la nyuma, kwa kuwa ndilo linalosukuma, ndilo linalobeba abiria na gunia, na ndilo linalolika hadi kubaki kipara wakati lile la mbele bado lina kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, za kutosha machoni pa mtu anayetazama kwa haraka. Fedha ikipatikana, linanunuliwa la nyuma. Ikipatikana tena baada ya miezi kadhaa, linanunuliwa la nyuma jingine. La mbele hubaki lile lile lililokuja na pikipiki, na nimeziona pikipiki zilizokwisha kubadilishiwa cheni, sproketi, betri na hata pistoni, huku tairi la mbele likiwa bado la kiwandani. Naandika makala haya kwa sababu naamini mpangilio huo ni wa hatari, na kwamba mwenye pikipiki ndogo anapoingia dukani kutafuta matairi anapaswa kulifikiria la mbele kwanza, kulichagua kwa makini zaidi, na ikibidi kulilipia zaidi.

Pikipiki ninayotumia ni Boxer BM 150 ya kawaida kabisa, yenye rimu za spoku na matairi ya tyubu, saizi 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Siku za kazi ninaiendesha kwenye lami kati ya Kihonda na mjini, na mara kwa mara napanda nayo Mgeta kupitia Mzumbe, ambako njia inaingia katika milima ya Uluguru kwa kona kali, udongo na mawe. Wengi wetu tuna pikipiki za namna hii, ziwe za Kihindi au za Kichina, zenye rimu za inchi 17 au 18, na tunazitumia katika mchanganyiko huohuo wa lami na vumbi, leo mtu mmoja, kesho abiria na mzigo. Ninayoyasema hapa yanahusu pikipiki hizo.

Sababu ya kulitanguliza tairi la mbele iko kwenye breki. Pikipiki inaposhikwa breki, uzito wake na wa aliyeipanda huhamia mbele. Shokapu za mbele hudidimia, tairi la mbele hugandamizwa barabarani, na la nyuma hupungukiwa na uzito. Ndiyo maana ukikanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu, gurudumu hujifunga na kuburuzika bila kuisimamisha pikipiki upesi. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya kazi ya kusimama hufanywa na gurudumu la mbele, na gurudumu hilohilo ndilo linaloelekeza chombo. Tairi la nyuma likiteleza kidogo, dereva mtulivu huachia breki au hupunguza mafuta, na pikipiki hujirudi. Tairi la mbele likiteleza kwenye kona, kwa kawaida mtu anakuwa chini kabla hajafanya lolote. Kazi zote mbili zinategemea kipande cha mpira kinachogusa barabara ambacho upana wake ni wa vidole vichache tu.

Wapo madereva wengi wanaoiogopa breki ya mbele na ambao kwa miaka yote wameendesha kwa kukanyaga ya nyuma tu. Nadhani hofu hiyo, kwa sehemu, imezaliwa na matairi yenyewe. Mtu aliyewahi kushika breki ya mbele huku tairi lake limekauka kwa miaka, juu ya lami yenye mchanga, ana kila sababu ya kuiogopa. Lakini kilichomwangusha ni tairi, na tairi linaweza kubadilishwa.

Tairi la mbele halisukumi, kwa hiyo huchukua muda mrefu kulika, na hapo ndipo linapotudanganya. Mpira huzeeka hata usipolika. Jua, joto na ozoni iliyomo hewani huukausha, mafuta yaliyomo ndani yake hupotea, na mpira uliokuwa ukijibana na vijitundu vya lami unakuwa mgumu na kuanza kupita juu yake. Dalili zake zinaonekana kwa mwenye kuchuchumaa na kutazama kwa karibu: nyufa ndogondogo kama nywele chini ya mifereji ya kashata, na nyingine ubavuni, hasa pale tairi linapojikunja linapobeba uzito. Bonyeza kashata kwa ukucha wa dole gumba. Mpira wenye uhai hukubali kubonyea kidogo kisha ukarudi; uliokufa haukubali kabisa. Halafu pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha ukirudishe kinyume chake. Ukihisi kashata zinakukwaruza upande mmoja na ni laini upande mwingine, ujue zimelika mshazari kwa sababu ya breki, na tairi la namna hiyo huvuma na kutikisa handeli hata kama bado lina kina.

Kuhusu kina chenyewe, kwenye bega la tairi kuna herufi TWI au pembetatu ndogo, na ukifuata usawa wake hadi katikati utaona kinundu kidogo cha mpira ndani ya mfereji. Kashata zikishuka hadi kuwa sawa na kinundu hicho, tairi limekwisha. Mimi sisubiri lifike hapo kabla ya masika.

Umri wa tairi nao umeandikwa. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizozungushiwa mstari wa duaradufu: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 1423 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. Michelin wanashauri tairi likaguliwe na fundi mwenye ujuzi angalau mara moja kwa mwaka likishatumika miaka 5, na litolewe likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama bado linaonekana zuri. Kwa jua letu, na kwa pikipiki zinazoshinda nje bila kivuli, miaka 10 naiona ni mingi mno. Nenda sasa hivi ukasome tarakimu za tairi la mbele la pikipiki yako. Huenda ukakuta lina umri wa pikipiki yenyewe, na pengine limeizidi kidogo.

Kuna zoea moja ambalo ningependa likome kabisa, nalo ni la kulihamishia mbele tairi la nyuma lililochakaa ili la nyuma lipate jipya. Kwa kuwa rimu zote mbili ni za inchi 17, kazi hiyo inawezekana, na kwa mwenye duka la pancha ni ya dakika chache. Lakini tairi la nyuma hulika katikati na kuwa bapa, na linapopelekwa mbele pikipiki huanza kuwa nzito kuingia kona, kisha ikishavuka ukingo wa ule ubapa hulala ghafla zaidi ya dereva alivyotaka. Tairi lililochoka linakuwa limepewa kazi isiyosamehe kosa. Ndugu yake zoea hili ni la kuchonga mifereji kwa kisu cha moto kwenye tairi kipara ili lionekane lina kashata. Mpira wa tairi la pikipiki ndogo ni mwembamba, na chini ya mifereji ya asili zimebaki milimita chache tu kabla ya kuzifikia nyuzi zinazoushikilia mwili wa tairi. Anayechonga anazikaribia nyuzi hizo au anazikata kabisa, na anayeipanda pikipiki hiyo hajui.

Sasa tusome ubavu wa tairi, maana dukani ndio unaosema mengi kuliko muuzaji. Maandishi 3.00-17 yanaeleza upana wa inchi 3 na rimu ya kipenyo cha inchi 17. Baadhi ya matairi hutumia mfumo wa milimita: 90/90-17 ni upana wa milimita 90, na kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81. Mifumo hii miwili hailingani moja kwa moja. Tairi la 3.00-17 lina kipenyo cha nje cha milimita 584 hivi, na la 90/90-17 lina kama 594, kwa hiyo linaweza kukaa mahali pa mwenzake bila shida kubwa endapo nafasi ipo. Baada ya saizi hufuata tarakimu na herufi, kwa mfano 50P. Tarakimu ni kipimo cha uzito na herufi ni ya mwendo. P ni kilomita 150 kwa saa, ambayo kwa pikipiki zetu inatosha na kubaki, hata L, ambayo ni 120, inatosha. Tarakimu ndiyo yenye mambo.

Kipimo 50 maana yake ni kilo 190, na 41, kinachopatikana kwenye matairi mengi ya 2.75-17, ni kilo 145, na hapo ni pale tairi linapokuwa na upepo uliopangwa. Tufanye makadirio. Pikipiki ya cc 150 ina uzito wa kilo 115 hivi. Dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 70 wanaifikisha kilo 255, na abiria akiwa amekaa, karibu theluthi mbili ya uzito huo hulalia gurudumu la nyuma, yaani kilo 170. Weka mzigo wa kilo 20 kwenye keria, ambao karibu wote unaangukia nyuma, na hapo umefika kwenye ukingo wa tairi la 50. Sasa fikiria mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, au magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa kwa mpira wa kamba yakishuka kutoka milimani. Huenda tairi lisipasuke siku hiyohiyo, na kwa sababu hiyo tunadhani limekubali. Kumbe kila mzunguko nyuzi zake zinakunjika kupita kiasi, zinapata joto, na tabaka zinaanza kuachana hadi siku nundu inapotokea ubavuni. Anayebeba mizigo kila siku anunue la nyuma lenye kipimo cha juu, na atazame pia alama ya PR, kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha tabaka: 6PR ina mwili imara kuliko 4PR, ingawa tarakimu hiyo ni kipimo cha nguvu tu na haihesabu tabaka halisi zilizomo. Anayepanda peke yake hahitaji 8PR, kwa maana ubavu mgumu unaobuniwa kwa mizigo humrusharusha mtu asiye na mzigo, na tairi linaloruka haliwezi kushika barabara.

Vijana wanapenda tairi pana nyuma. Naielewa shauku yao, kwa sababu pikipiki hupata umbo la kishujaa, lakini mahesabu hayaikubali. Ukitoa 3.00-17 ukaweka 3.50-17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 584 hadi 610 hivi, nyongeza ya zaidi ya asilimia 4. Ni sawa na kupunguza nguvu ya gia zote kwa kiasi hicho. Kwenye mlima wenye abiria utashusha gia mapema zaidi, na sproketi zenyewe hujazigusa. Kwa kuwa waya wa spidi kwenye pikipiki nyingi ndogo unatoka gurudumu la mbele, dashibodi haitakuonyesha mabadiliko yoyote. Halafu kuna rimu. Upana wake umepigwa chapa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi 1.60 au 1.85, na tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba hubadilika umbo, mgongo wake huchongoka katikati, na eneo linalogusa barabara wakati wa kwenda sawasawa halikui kama mwenye nalo anavyotarajia. Mwishowe ni nafasi: kava la cheni, fimbo ya breki na madigadi vimepimwa kwa tairi la saizi ya kiwandani. Mimi nimebaki na saizi zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na sioni sababu ya kuziacha.

Suala la kashata ndilo linalogawanya watu, na lina haki ya kutazamwa kwa nafasi. Tairi la mbele la jadi kwa pikipiki ndogo lina mistari inayozunguka tairi lote bila kukatika. Mistari hiyo hushikilia njia vizuri, haitetemi, na hukata maji. Kwenye lami ni vigumu kuipata iliyo bora kuliko hiyo. Ikifika kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, mifereji yake hujaa mara moja, na kwa kuwa hakuna kingo za kukata mbele, ukishika breki gurudumu huteleza kama liko juu ya sabuni. Upande wa pili kuna matairi ya kashata kubwa zilizoachana, ambayo hujisafisha kwenye matope na kujichimbia. Hayo yakiletwa kwenye lami, mpira unaogusa barabara unapungua, vile vinundu vinayumba vikibeba uzito, kona zinakuwa na wasiwasi, na katikati hulika upesi. Madereva wanaofanya kazi njia za vijijini, ambako masika yanageuza barabara kuwa tope kwa majuma mfululizo, wanayahitaji na wako sahihi kuyanunua. Anayezunguka mjini kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha akayafunga kwa sababu ya siku chache za matope, anajipunguzia usalama siku zote zilizobaki.

Kuna jambo kuhusu mvua ambalo naona halisemwi vya kutosha. Tairi la pikipiki ndogo ni jembamba, limechongoka, na mwendo wetu si wa kutisha. Maji ya kawaida juu ya lami hulikwepa bila taabu. Kwa hiyo kwenye lami iliyolowa, kinachotuokoa zaidi ni ubora wa mpira wenyewe, na kina cha mifereji kinafuata baadaye. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganya vumbi, mabaki ya mafuta ya magari na mpira uliolika, na kwa dakika za mwanzo lami ya Msamvu inakuwa na utando unaoteleza kuliko ilivyo baada ya saa nzima ya mvua kubwa. Ongeza rangi nyeupe za vivuko vya watembea kwa miguu. Mahali kama hapo tairi lenye kashata nzito za mpira mgumu huteleza, na lenye mifereji ya wastani na mpira laini hushika.

Hapa ndipo hoja yangu ya tairi la mbele inapokutana na mfuko. Mpira laini hushika vizuri na hulika upesi. Mpira mgumu hukaa muda mrefu na huteleza mapema. Hakuna mtengenezaji aliyeikwepa mizani hii kabisa, ingawa wazuri wanaisogeza kwa kuchanganya malighafi bora zaidi. Muuzaji atakusifia tairi kwa neno moja, kwamba linakaa. Kwa la nyuma, sifa hiyo ina maana, kwa kuwa ndilo linaloliwa na injini na mizigo, na mwenye bodaboda anayetafuta riziki hawezi kubadilisha tairi kila mara. Kwa la mbele, sifa hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu la mbele litakaa tu, liwe laini au gumu. Huenda lisimalize kashata zake kabla umri haujalitoa. Kwa hiyo mpira laini uwekwe mbele, ambako kulika kwake hakutusumbui na kushika kwake ndiko tunakokuhitaji zaidi. Aidha tairi la mbele ni dogo na kwa kawaida bei yake iko chini ya la nyuma. Ukichukua lililo bora kabisa dukani, nyongeza yake ikigawanywa kwa kilomita zote litakazokwenda inakuwa ndogo sana. Sijui mahali pengine kwenye pikipiki ambapo shilingi kidogo hununua usalama mwingi hivyo.

Wanaotumia rimu za spoti, zile za kumimina zisizo na spoku, wanaweza kufunga matairi yasiyo na tyubu endapo rimu imetengenezwa kwa ajili hiyo, na faida yake ni kwamba yakichomwa na msumari upepo hutoka polepole. Rimu za spoku za kawaida huvujisha upepo kwenye matundu ya spoku, kwa hiyo sisi wengine tunabaki na tyubu. Tairi lililoandikwa TT, yaani la kutumia tyubu, lisifungwe kamwe bila tyubu.

Nilipokwenda dukani kununua yangu nilianza na la mbele, na muuzaji, kijana mwenye adabu, alinishushia lililokuwa limening'inizwa mlangoni. "Chukua hili kaka, ndilo linalotoka." Nilimwomba aniletee la ndani. Tairi linaloshinda mlangoni likipigwa na jua limeanza kuzeeka kabla halijauzwa, na karatasi ya nailoni iliyozungushwa haizuii joto. Aliponiletea niliifungua ile nailoni kwanza, maana mara nyingi inafunika tarakimu za tarehe. Kisha nilitazama alama za viwango: matairi yanayotoka India huwa na alama ya ISI, na yaliyopimwa kwa kanuni namba 75 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu matairi ya pikipiki, huwa na herufi E na namba ndani ya duara. Maandishi ya tairi halisi ni makali na yamesimama. Ya kuigiza mara nyingi yamefifia kingo, na jina la kampuni limebadilishwa herufi moja. Majina kama MRF na CEAT ya India, au Vee Rubber ya Thailand, yana rekodi ndefu katika matairi madogo, lakini jina peke yake halitoshi bila tarehe na alama. Mwisho nililikunja kidogo kwa mikono miwili nikatazama ndani, nikiangalia kama nyuzi zimelala sawasawa na kama mdomo wa tairi, ile sehemu yenye waya inayokaa kwenye rimu, haujapinda kwa kurundikwa vibaya stoo.

Tairi zuri likifungwa vibaya fedha imepotea, kwa hiyo sikuondoka wakati wa kufunga. Fundi alitoa gurudumu, akabandua tairi la zamani, na kabla ya jipya kuingia akafuta kutu kwenye rimu kwa brashi ya waya na kutazama mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Mkanda huo ukiwa umechanika, ncha ya spoku moja itatoboa tyubu mpya ndani ya siku chache. Tyubu niliinunua mpya na ya saizi ileile, kwa kuwa ya zamani imekwisha kutanuka na ikirudishwa ndani hujikunja, na mahali pa mkunjo ndipo itakapopasukia. Fundi aliipaka poda, akaitia upepo kidogo ili ipate umbo, akaiingiza, na kuhakikisha valvu imesimama wima katika tundu lake. Kisha likaja jambo linalomtofautisha fundi na mbahatishaji. Rimu ina bonde katikati, na wakati wa kupandisha sehemu ya mwisho ya tairi, upande wa pili wa mdomo wake unapaswa kuwa umeshuka ndani ya bonde hilo. Fundi wetu alipiga goti juu ya tairi upande ulio mkabala na valvu ili lishuke, na kipande cha mwisho, kilicho karibu na valvu, kikaingia karibu kwa mikono mitupu. Asiyejua hili huvuta kwa vyuma kwa nguvu zake zote, chuma hubana tyubu, na mteja huondoka na pancha iliyokwisha kuanza.

Mshale ulioko ubavuni tuliuangalia kabla na baada. Huonyesha upande wa kuzunguka, na mengine yana mishale miwili, mmoja kwa kufungwa mbele na mwingine kwa kufungwa nyuma. Baada ya upepo kuingia, fundi alizungusha gurudumu taratibu huku tukitazama mstari mwembamba wa mpira uliopo ubavuni karibu na rimu. Mstari huo unapaswa kuwa na umbali sawa na ukingo wa rimu pande zote. Ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa, na pikipiki itaruka kila mzunguko. Kwa la nyuma kuna la ziada: alama za kurekebisha cheni zilizo kwenye mkono wa nyuma lazima zilingane kulia na kushoto, kwani gurudumu likikaa upande tairi hulika vibaya na cheni pia.

Upepo ndio unaokamilisha tairi, na kwa masikitiko ndio tunaoubahatisha. Mafundi wengi hujaza hadi tairi lilie kwa kugongwa, wakiamini ugumu unazuia pancha. Kwa Boxer yangu vipimo ni 25 psi mbele, 28 nyuma nikiwa peke yangu, na 32 nikiwa na abiria, vikipimwa asubuhi tairi likiwa bado baridi. Tairi la mbele lililojazwa hadi 40 hugusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati tu, na mpira wote ule laini niliousifia juu hauna nafasi ya kufanya kazi. Geji ndogo ya mkono inakaa chini ya kiti na inadumu miaka.

Nilichochukua hatimaye ni tairi la mbele la 2.75-17 lenye mistari miwili ya katikati iliyokatwakatwa kuelekea mabegani, ili nikiwa lami nipate utulivu na nikifika udongo wa Mgeta kingo zile zisaidie kidogo kwenye breki. La nyuma ni la 3.00-17, 6PR, kashata za wastani zilizokaribiana, la mpira mgumu kuliko la mbele, na la bei ya chini kwa ubora wake. Kilomita 150 hivi za mwanzo niliendesha kwa upole, bila kulaza pikipiki sana kwenye kona wala kushika breki kwa ghafla, kwa kuwa uso wa tairi jipya ni laini na unang'aa, na hauna budi kukwaruzwa na barabara kabla haujaanza kushika. Baada ya hapo tofauti ilikuwa wazi kwenye mteremko wa kurudi Mzumbe: breki ya mbele sasa naishika kwa vidole viwili mapema kabla ya kona, na pikipiki inapungua mwendo bila handeli kusita. Kwenye tope zito bado napita polepole, kwa sababu mistari ya mbele hujaa huko, na hilo nililikubali tangu dukani.

Lile la mbele lililotolewa nilimwomba fundi alikate mdomo kwa msumeno palepale gereji. Matairi yanayoachwa kwa mafundi hupata wanunuzi, na lile lilikuwa bado na kashata za kumvutia mtu, ingawa ukucha haukuweza kuingia kwenye mpira wake hata kidogo.